Presha kuka ya umeme ya lita sita: dakika thelathini za muuzaji na saa yangu ya cherehani

Muulize muuzaji yeyote wa vyombo Kariakoo presha kuka ya umeme inaivisha maharage kwa muda gani. Atakujibu "dakika thelathini tu, dada yangu" bila kupepesa macho. Yangu nimeitumia tangu msimu wa sare za shule uliopita, kwa hiyo nianze na hizo dakika thelathini, maana ndizo zinazowatoa watu pesa.

Ni ya lita sita, wati 1,000, ile ya mviringo yenye vitufe mbele na mfuniko wa kuzungusha. Jina la kampuni silitaji kwa sababu zikipangwa dukani zinafanana kama pacha, na haya ninayoyasema yatakuhusu hata ukichukua nyingine. Walianzia 190,000, nikaondoka nayo kwa 165,000.

Sasa dakika. Ukibonyeza kitufe cha maharage, kioo hakihesabu chochote. Kinaonyesha vistari vinavyozunguka tu, mpaka maji yachemke, mvuke ujae, na kile kipini kidogo cha kwenye mfuniko kipande juu na kuufunga. Hapo ndipo thelathini inapoanza. Kwa nusu kilo ya maharage makavu na maji ya bomba, kupanda presha peke yake kunachukua robo saa, wakati mwingine zaidi. Ikilia kwamba imemaliza, bado hufungui. Maharage yana povu, ukiuachia mvuke kwa pupa litarukia kwenye tundu na kukuchafulia ukuta, basi unaiacha itulie yenyewe, robo saa nyingine. Halafu mchuzi. Humo ndani maji hayapotei, kwa hiyo mchuzi unatoka mwepesi. Unaacha wazi, unabonyeza kitufe cha kukaangia, unakoroga, unaumalizia na tui zito (usiliweke mwanzoni, presha italikata), dakika kumi hizo. Ukijumlisha unapata kama saa moja na robo.

Kwa hiyo dakika thelathini ni maneno ya biashara. Na bado nasema nunua.

Kwa mkaa, kuwasha na kupepea ni robo saa. Maharage makavu yanakula saa mbili, yakiwa ya ghala la mwaka juzi hata tatu, tena mengine hubaki magumu hadi mwisho. Kwa saa ya ukutani umeokoa saa moja, hata mbili. Ila ukipima kazi ya jikoni kwa saa ya ukutani unajidanganya, kwa sababu chungu cha mkaani hakikuachi. Dakika kumi hazipiti hujainuka: maji yamepungua, moto umezidi, moto umefifia, paka yuko karibu, mtoto yuko karibu zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Tabata. Kuweka zipu ile isiyoonekana kwa nje kwenye gauni la kitenge kunataka mkono usiotoka. Unaibana kwa pini, unaipiga pasi meno yake yalale, unashusha mguu wa cherehani ukaribiane kabisa na meno, unashona upande mmoja kutoka juu hadi chini bila kusimama, kisha wa pili, na maua ya kitenge lazima yakutane kiunoni. Ukiinuka katikati kwenda kuongeza maji ya maharage, ukirudi vidole vina masizi na kitambaa kimesogea nusu sentimita. Nusu sentimita kiunoni ukumbi mzima unaiona. Unafumua. Na kufumua zipu kwenye kitambaa kilichokwisha kupigwa pasi ni kazi ya kuomba subira kwa Mungu, kwa sababu matundu ya sindano yanabaki.

Ndiyo maana kwangu mimi ile saa moja na robo ni saa moja na robo ya kweli. Naweka maharage, nafunga mfuniko, nageuza vali ya kutolea mvuke kwenye upande wa kufunga, nabonyeza, naondoka. Zipu inaingia mara moja. Sufuria ikimaliza inalia, halafu inakiweka chakula moto yenyewe. Nikichelewa nusu saa kwa sababu mteja amekuja kupimwa, hakuna kilichoungua. Mkaa ulikuwa unanikata siku vipande vipande, na kwa vipande vya dakika kumi huwezi kushona chochote cha maana, labda vifungo.

Siri yake ni joto tu. Maji ya kawaida huku pwani yanachemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi tena hata uchochee vipi. Mvuke ukifungiwa, yanafika nyuzi 110 na kitu, hata kukaribia 120, na vitu vigumu vinalegea. Ukipanda milimani ndiyo unaona faida yake vizuri: Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana dada yangu aliyeolewa huko analalamika kwamba maharage ya huko "yana roho ngumu". Yeye angeihitaji kuliko mimi. Na wala si ujanja wa jana: Mfaransa mmoja, Denis Papin, alitengeneza chungu cha namna hii mwaka 1679 akiwa London, akilenga kulainisha mifupa. Makongoro, kwa lugha yetu. Na kwenye makongoro Papin alikuwa sahihi kabisa: kwato ambazo mkaani zinataka usiku mzima, humu zinajiachia kwa saa moja ya presha. Makande pia, mradi mahindi yawe yaliyokobolewa na yamelala kwenye maji.

Mama mkwe wangu ni wa Tanga, na kwa Tanga maharage ya nazi si jambo la kufanyia mzaha. Alipokuja kututembelea hakusema kitu kuhusu sufuria. Alichota harage moja, akaliminya kati ya kidole gumba na cha shahada, akalitazama ganda lake linavyoachia, akasema: "Yameiva, mwanangu. Ila mchuzi haujakaza." Ilikuwa kabla sijajua kuuacha uchemke wazi mwishoni. Siku hizi anakula na kunyamaza, na kwa mama mkwe kunyamaza ni nyota tano.

Hapa niseme jambo ambalo kwenye matangazo hulioni. Muda unaookolewa jikoni haukai mezani kukungoja. Nyumba ina masikio. Wiki za mwanzo, watu wa nyumbani walipoona maharage hayanishughulishi tena, ikawa "basi leo tupikie na chapati". Baba watoto akaanza kualika wenzake Jumapili kwa kuwa "siku hizi kupika ni kubonyeza tu". Mtoto wa jirani akaletwa nimwangalie, si niko nyumbani. Ile saa ikaliwa kabla haijafika kwenye cherehani. Ilibidi niitangaze kama watu wa ofisini wanavyotangaza kikao: sufuria ikishafungwa mfuniko, fundi yuko kazini mpaka ilie. Chapati za Jumatano anasukuma baba watoto. Zinatoka na pembe, tunakula.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, unakwenda hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka huo. Kwenye hotuba husikia zaidi moshi na misitu, na ni kweli, mkaa umetumaliza mapafu na miti. Mimi ningeongeza saa za wanawake kwenye hesabu hiyo, tena ningeziandika mwanzoni. Moshi unaweza kutoka nje kukwepa, mwiko uko mkononi muda wote.

Upande wa pesa niliusimamia mwenyewe kwa kusoma mita kabla na baada. Chungu cha maharage kinakula chini ya nusu uniti. Kwa bei yangu ya shilingi 356 kwa uniti, haifiki 180, na walio kwenye kundi la watumiaji wadogo wanalipa chini ya hapo. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo mtaani kwangu ni wa 2,000. Nikipika maharage au makande mara tatu kwa wiki, sufuria inajilipa kwa mkaa peke yake ndani ya miezi saba hivi. Nikiingiza zipu ambazo sikuzifumua, mapema zaidi, lakini hiyo hesabu msiniulize kwa sababu wateja wangu wengine nao wanalipa kwa awamu.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika katikati ya kupika, nyingi zinasahau zilipofikia. Ya kwangu inaanza upya, na wewe ndiye unayetakiwa kukumbuka ilikuwa imebaki dakika ngapi. Ule mpira mweupe wa ndani ya mfuniko unanyonya harufu, pika pilau kesho maharage yanatoka na iliki. Nimenunua wa pili, mmoja wa vyakula vya viungo na mwingine wa vya kawaida. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, kwa hiyo mimi nimebandika karatasi yangu ukutani: maharage ya njano makavu 30, yaliyolala kwenye maji 12 mpaka 15, wali 8, makongoro 60. Ugali hautaki, usijisumbue. Na usivuke nusu ya sufuria kwa maharage. Ile alama ya juu ni ya vyakula visivyotoa povu. Shoga yangu aliipuuza akajaza mpaka kwenye alama, tukashinda tunatoa maganda kwenye vali kwa kijiti cha meno.

Mnaouza chakula, mama lishe wenzangu wa barazani, lita sita ni ndogo kwenu. Mtakuwa mnapika mafungu matatu na kila fungu lina robo saa zake za kupanda na kushuka. Tafuteni kubwa au bakini na gesi. Anayeishi peke yake na kula maharage mara moja kwa mwezi pia hana haja nayo, pesa hiyo anunue blenda. Lakini mwenye kazi ya mikono nyumbani, fundi, msusi, mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, mwanafunzi wa usiku mwenye familia, yeye anunue, halafu aseme mapema nyumbani kwake hiyo saa ni ya nani.

Ukienda dukani usikubali kufungiwa boksi bila kufunguliwa. Toa mfuniko, vuta mpira uone kama unarudi vizuri kwenye reli yake na hauna ufa. Sukuma kile kipini kidogo kwa kidole, kinapaswa kupanda na kushuka bila kukwama. Mwambie muuzaji achemshe vikombe viwili vya maji palepale, dakika tano kwenye presha, wala usione haya kusimama ukingoja, maana ikivuja mvuke pembeni mwa mfuniko mbele yako utabadilishiwa, na ikivujia nyumbani utaambiwa umeiangusha. Mpira wa akiba dai uingizwe kwenye bei. Kwangu walisema hauna, nilipogeuka kuondoka ukapatikana chini ya meza.