TAHADHARI: Fundi sola anabandika stika ya wati 300 kwenye paneli ya wati 100

Ndugu zangu mnaojenga huku Vikindu, Mkuranga na Kigamboni, sehemu ambazo nguzo za TANESCO hazijafika, someni hili kabla hamjatoa hela.

Mwezi uliopita nilimpata fundi sola kwenye tangazo la Facebook. Paneli 2 za wati 300, betri ya jeli ya Ah 200 (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, taa 6 na ufungaji, vyote shilingi 1,850,000. Nikamweleza kwamba mama yangu ana kisukari, na ninachokitaka hasa ni friji ndogo ya kuhifadhia insulini yake. Akanijibu, "Dada, ondoa shaka, friji itanguruma mpaka asubuhi." Swali pekee aliloniuliza ni nyumba ina vyumba vingapi, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Fundi anayeijua kazi anakuuliza utawasha nini, kila kifaa kinakula wati ngapi na kwa saa ngapi, halafu ndiyo anapanga betri na paneli. Tena anakuja mapema kuangalia paa, aone muembe unatia kivuli saa ngapi. Huyu alitokea siku ya kufunga, na baada ya saa mbili na nusu alikuwa ameshamaliza, ameshalipwa zote na ameshaondoka.

Usiku wa kwanza, saa tatu na robo, inveta ikaanza kulia, taa zikazimika. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi nafungua friji, chupa za insulini zina vuguvugu. Mama hakusema neno. Alizichukua akazirudisha kwenye mtungi, alikokuwa akizihifadhi siku zote. Niliumia sana.

Nikaita fundi mwingine. Alipanda juu akapima kwa futi: urefu sentimita 102, upana 67. Akalegeza boliti, akaigeuza paneli. Stika ya nyuma ilikuwa imeanza kunyanyuka kona kwa joto. Akaivuta polepole, na chini yake kulikuwa na stika nyingine: wati 100. Ya pili nayo hivyo hivyo.

Hesabu aliyonifundisha ni hii, ishikeni. Jua kali la mchana linashusha kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza asilimia 20 hivi tu kuwa umeme, au zaidi kidogo. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa kama wati 200. Paneli yangu haifiki hata robo tatu ya mita ya mraba, sasa wati 300 zingetoka wapi? Huhitaji kuwa fundi umeme kulijua hilo, futi ya seremala inatosha.

Betri nayo inajulikana kwa uzito. Ya Ah 200 ya kweli ina kilo 60 hivi, maana ndani imejaa madini ya risasi, na kuibeba ni kazi ya watu wawili. Nikakumbuka yule kijana wake alivyoipandisha kibarazani begani peke yake, mkono wa pili umeshika simu! Waya alizopitisha ni nyembamba, na mabati ameyatoboa bila kuweka mipira, mvua ikinyesha sebuleni panavuja.

Dhamana ya miaka 5 alinitamkia tu kwa mdomo. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haina hata jina la duka. Nilipompigia alisema yuko safarini, baadaye akanibloku.

Vifaa vikija, vipimeni vikiwa bado chini, kabla havijapanda juu. Ombeni kuona leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji. Bakizeni nusu ya hela mpaka mfumo umewasha vitu vyenu vyote usiku kucha. Na aliyekwishauziwa bidhaa bandia, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulika nazo, apeleke malalamiko akiwa na picha za stika zote mbili.

Bado anatangaza, na sasa anatumia picha ya nyumba yangu: bati jekundu, paneli mbili, tanki jeusi upande wa kushoto, chini ameandika "mteja wetu ameridhika". Mkiiona picha hiyo, mteja mwenyewe ni mimi, na nyumbani tunawasha kibatari.