TAHADHARI: Fundi anayepita majumbani Unguja "kufufua" tyubu za TV za chogo

Jamani, mwenye TV ya chogo nyumbani asome hii na amfikishie mwenziwe. Kuna kijana anapita mitaani hapa mjini, anasema anarudishia nguvu tyubu za picha zilizofifia. Ni mwizi. Nasema mwizi na sirudi nyuma.

Ile Trinitron, TV ya Sony ya marehemu Baba, mnaijua. Hali yake pia mnaijua: ukiiwasha, giza, unasubiri ipate moto ndipo sura zionekane, na nyuso za watu ziko kijivu kijivu. Basi akaja huyu bwana kwa adabu zote. Viatu kavua mlangoni, "Shikamoo Bi Mkubwa," mama kaitika kwa furaha. Akafungua mgongo wa TV, akachomoa soketi ya shingoni mwa tyubu, akachomeka ya kwake yenye waya wa kwenda kwenye boksi la mita ya mshale. Mshale ukalala kwenye nyekundu. "Unaona, Ami? Bunduki nyekundu imechoka, kijani nayo njiani." Bunduki ndio ile sehemu ya shingoni inayorusha elektroni za kila rangi. Akabonyeza kitufe. Ndani ya shingo ya tyubu ikaruka cheche ya buluu, pap! Akabonyeza tena. Ule moto mdogo wa hita, ambao siku zote ni rangi ya chungwa iliyofifia, ukawaka kweli kweli. Mshale ukapanda taratibu mpaka kwenye kijani.

Akaomba maji ya kunywa. Nikenda jikoni. Niliporudi anafunga skurubu za mwisho.

Tukatia kanda ya harusi ya dada. Wallahi, hina ya mikononi ilionekana, ule wekundu ambao kwa miaka hatukuuona. Mama akalia. Sasa niambieni, nani asingetoa pesa hapo? Laki mbili na nusu nikamhesabia mkononi, na dhamana ya miaka mitano kaitoa kwa mdomo mbele ya mama yangu.

Na asije mtu kuniambia "uliaminije." Kazi hii ipo, si uchawi. Mashine zake za B&K na Sencore zimetoka Marekani na mafundi wamezitumia miaka mingi. Kathodi, kile kichwa kinachopashwa moto na hita ndani ya shingo ya tyubu, imepakwa oksidi za bariamu na strontiamu, na ndizo zinazotoa elektroni. Ikizeeka, uso wake unachafuka, elektroni hazitoki vizuri. Fundi anaongeza moto wa hita kwa muda mfupi, anapitisha mkondo kati ya kathodi na gridi, kile kikombe cha chuma kilicho mbele yake, ule uchafu wa juu unabanduka. Mara nyengine tyubu inapata umri mpya, mara nyengine haifiki mbali, na fundi mkweli anakwambia hivyo kabla hajagusa kitu. Huyu maneno yote ya kazi anayajua. Ndio maana ni hatari kuliko tapeli asiyejua kitu. Na Unguja ndio shamba lake, maana TV ya rangi sisi tulianza kuitazama miaka ya 1970, Bara wamengoja mpaka 1994. Seti kongwe zimejaa majumbani kwa wazee, na wazee ndio anaowafuata.

Haukwisha mwezi, picha ikaanza kurudi nyuma. Kisha nyekundu ikafa kabisa, watu wote wakawa rangi ya maji ya bahari. Nikamwita fundi mzee, kafungua, kanionesha kwa kidole: waya mwembamba umezungushwa kwenye chuma cha flaibaki, ile transfoma ya umeme mkubwa wa tyubu, umeungwa njia ya hita, na juu kafunika kwa tepu tu. Hita hii ni ya volti 6.3. Yeye kaipandisha iwake kupita kiasi saa zote TV iko wazi, kathodi imepikwa mpaka imekwisha. Skurubu ya "skrini" kwenye flaibaki, ile ya kupandisha mwanga wa tyubu, nayo kaifungua hadi mwisho ili picha ing'ae machoni mwa mama. Tyubu ambayo ingeweza kuishi na ufifi wake kaiua, na viwandani hazitoki tena.

Mtu kama huyu afungwe. Vyombo vyake vichukuliwe, arudishe pesa ya kila mzee aliyemlia, na asishike bisibisi tena katika nchi hii!

Mkiona mistari myeupe ya mshazari juu ya picha baada ya "matengenezo," jueni kachezea ile skurubu ya skrini. Msimwache peke yake na TV iliyo wazi. Na pesa asipewe siku hiyo hiyo, iwashwe wiki nzima kwanza.

Namba yake haipatikani. Nimeshatoa taarifa kituoni na kwa sheha. Nawaomba wengine aliowafanyia haya mjitokeze twende pamoja, kesi iwe na uzito. Akibisha hodi kwenu, mkaribisheni, mpeni chai, kisha nipigieni mie wakati huo huo.