Land Cruiser FJ40 ya 1978 kutoka Nyeri: tathmini ya gari ambalo halikupakwa rangi upya

Kwa miezi kumi na mmoja sasa nimekuwa nikiendesha Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978 niliyouziwa na mjane mmoja anayeishi nje kidogo ya mji wa Nyeri. Kabla ya kwenda kwake nilikuwa nimekagua nyingine ya mwaka uo huo, iliyokarabatiwa kuanzia chesi hadi paa katika gereji moja ya Nairobi, na nilikuwa karibu kuilipia arubuni. Tathmini hii ni ya gari la Nyeri, lakini siwezi kulieleza bila kulitaja lile la Nairobi, maana ni tofauti ya magari hayo mawili iliyonifundisha nini hasa mtu anauza anapouza gari la Kijapani la zamani lililotunzwa vizuri.

Toyota iliunda mfululizo wa 40, ambao FJ40 ni mojawapo, kuanzia mwaka 1960 hadi 1984, na katika nchi zetu gari hili lilibeba wakulima, wamishonari, maofisa wa misitu na askari wa wanyamapori kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kulifikiria kama kitu cha kuhifadhiwa. Leo idadi yake hapa Kenya haiwezi kuongezeka kwa urahisi, kwa kuwa sheria ya kuagiza magari yaliyotumika hairuhusu lililozidi miaka minane. Yaliyopo ni yale yaliyokuwapo, nayo yanapungua, kwa sababu wapo wanunuzi wa ng'ambo pia. Marekani, kwa mfano, huruhusu gari lililopita miaka 25 kuingia bila kutakiwa kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Ndiyo maana watu wengi wameanza kuyatoa mabandani, na ndiyo maana wengi wao, kabla ya kutangaza bei, hukimbilia kwa fundi wa rangi.

Gari la Nairobi lilipendeza macho. Lilikuwa la kijani kibichi, matairi mapana, viti vya ngozi, dashibodi iliyofunikwa upya na bolti zote za nje zikimetameta. Nilitoa sumaku ndogo niliyozoea kutembea nayo, nikaifunga katika kitambaa laini nisije nikachubua rangi, nikaipitisha kwenye kona za nyuma chini ya taa, mahali ambapo FJ40 nyingi huanza kuoza. Upande wa kushoto ilishika. Upande wa kulia ilidondoka mara tatu, maana palikuwa na puti nene tu, ule uji mzito wa kuziba mashimo kabla ya kupaka rangi, bati hakuna. Kwenye kingo za milango nilitafuta vile vishimo vidogo vya duara ambavyo mashine ya kiwandani huviacha inapounganisha bati kwa bati, nikakuta uso laini mtupu. Kibati cha kiwanda, kile chenye aina ya gari na namba yake, kilikuwa kimeng'olewa na kurudishwa kwa ribiti za kisasa. Namba iliyogongwa kwenye chesi, upande wa kulia mbele, ilikuwa imezama chini ya rangi nyeusi nzito kiasi kwamba tarakimu mbili hazikusomeka, na nilipoomba ruhusa ya kuipangusa kwa tinna kidogo, nikakataliwa kwa upole.

Kilichonirudisha nyuma zaidi kilikuwa injini. Namba yake haikulingana na ile iliyoandikwa kwenye logbuku, yaani hati ya usajili wa gari. Huenda ilibadilishwa kwa sababu njema, kwani magari haya yamefanya kazi ngumu na injini nyingi zimechoka, lakini mabadiliko ya namna hiyo hutakiwa kuarifiwa ofisi ya usajili, na hayakuwa yameandikwa. Niliuliza kama kuna picha za kazi yote ilivyofanyika, bati lilivyokatwa, chesi ilivyokuwa kabla ya kupakwa. Hazikuwapo. Sisemi kwamba mafundi wale walinuia kumdanganya mtu. Nasema kwamba walikuwa wamefanya kazi ya miezi mingi, wakatumia fedha nyingi za mwenye gari, na mwisho wake wakaacha kitu ambacho mnunuzi makini hana njia ya kukihakiki. Bei yake ilikaribia maradufu ya ile niliyokuja kulipa Nyeri.

Lile la Nyeri nililikuta chini ya banda la mabati, karibu na kinu cha zamani cha kumenyea kahawa. Lilikuwa la rangi ya mchanga na paa jeupe la faiba, vumbi limelala juu ya boneti, tairi moja limepungua upepo. Marehemu mume wa mama yule alilinunua likiwa jipya, na bado lilikuwa na namba zake za kwanza, zile za herufi tatu na tarakimu tatu zisizo na herufi ya mwisho, zilizotangulia mfumo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Logbuku ilikuwa na jina moja tu. Mama alinikaribisha chai, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, vijana wangu wananiambia nilipeleke kwanza likapigwe rangi ndipo nipate bei nzuri. Wewe waonaje?"

Nilijua kwamba jibu la kweli lingenigharimu. Nikamwambia, "Mama, usiliguse. Lioshwe kwa maji tu, na zile karatasi za marehemu zitafutwe." Karatasi zilipatikana siku ya pili ndani ya sanduku la bati: risiti za spea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, daftari ambalo mzee aliandika kila alipobadilisha oili, na kitabu cha maelekezo kilichotoka na gari. Baada ya kuziona nilipandisha ofa yangu mwenyewe, kwa kuwa bei niliyokuwa nimeitaja siku ya kwanza haikuwa ya gari lenye karatasi hizo.

Rangi yake imechakaa, na ningependa msomaji aelewe imechakaa namna gani, maana hapo ndipo thamani yake ilipo. Juu ya mlango wa dereva, mahali mzee alipoegemeza kiwiko, imeisha hadi rangi ya chini inaonekana. Kwenye boneti ina mikwaruzo ya matawi ya kahawa. Lakini vishimo vya kuchomelea vya kiwandani vinaonekana pande zote, gundi ya maungio iko kama ilivyopakwa Japani, na sumaku inashika kila mahali penye bati isipokuwa pale ambapo kutu imelila waziwazi. Vioo vyote vina alama za aina moja. Alteneta na stata bado zina maandishi ya Nippondenso, jina ambalo kampuni ile iliacha kulitumia mwaka 1996 ilipojiita Denso, kwa hiyo hata asiyekuwa fundi anaweza kutambua kwamba vitu hivyo si vya juzi. Bolti nyingi za mabawa ya mbele bado zina namba zilizogongwa vichwani, na hazina alama za spana iliyoteleza. Jeki na spana zake ziko mahali pake. Yote haya yangepotea katika gereji kwa wiki moja ya kazi ya haraka, na hakuna fedha ya kuyarudisha.

Inaendeshwaje? Injini ni 2F ya petroli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,230. Huwaka asubuhi baada ya kuvuta choki na kusubiri kidogo, na baada ya hapo hutulia kwa mngurumo mzito usiobadilika. Nguvu yake iko kwenye mizunguko ya chini ya injini. Katika mlima wa kwenda Nyahururu hupanda kwa gia ya tatu bila kulalamika, lakini ukifika barabara kuu, kilomita 90 kwa saa zinatosha, kwani upepo, gia na matairi hupiga kelele kiasi cha kuzima mazungumzo. Springi ni za majani mbele na nyuma, ekseli ni nzima, kwa hiyo kila shimo hulipata mgongoni. Usukani una mchezo wa kutosha kumtia wasiwasi aliyezoea gari la kisasa. Breki ni za dramu magurudumu yote manne, na mvua ikinyesha sharti umwachie aliye mbele nafasi kubwa. Ulaji wa petroli ni mzigo wa kweli: nimepima safari nne na sijawahi kuzidi kilomita tano na nusu kwa lita. Anayetafuta gari la kwenda kazini kila siku asilinunue.

Si kila kitu cha zamani nilikiacha. Mipira ya breki ilikuwa imepasuka, sili za ekseli ya mbele zilivujisha grisi na oili, na mipira ya petroli ilikuwa imekauka, jambo la hatari zaidi katika gari ambalo tangi lake liko chini ya kiti cha abiria. Vyote nilivibadilisha wiki ya kwanza, pamoja na matairi. Sioni hoja ya uasilia katika mpira wa breki uliopasuka. Nilichofanya ni kutotupa: kila kilichotolewa kiko sandukuni, kimefungwa na kuandikwa tarehe, ili atakayelimiliki baada yangu aone kilichokuwapo.

Kutu ilinipa shida kubwa zaidi ya kuamua. Kizingiti cha nyuma, chini ya milango, kilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na kadiri maji yalivyoingia ndivyo sakafu ilivyozidi kuliwa. Rafiki zangu wawili wanaojua magari walinishauri nilifungue gari lote na kulipaka upya, kwa kuwa kazi ya kipande kimoja itaonekana daima. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa jua kali Karatina ambaye kazi yake ya bati naiamini, nikamwomba akate sehemu iliyooza tu, achomelee bati la unene uleule, na asiguse sentimita moja zaidi. Alicheka kwanza, akisema wateja wake wote hudai gari liwake kama kioo. Kisha akafanya kazi safi kabisa kwa siku tatu. Nilipiga picha kila hatua, bati likiwa limeoza, likiwa limekatwa, likiwa limechomelewa, likiwa na rangi ya kuzuia kutu. Rangi ya mchanga tuliyochanganya haikulingana barabara na ile iliyofifia kwa jua la miaka zaidi ya arobaini. Tofauti inaonekana ukiinama, nami sikuificha.

Ukarabati kamili si kosa. Gari lililobaki chesi na matumaini halina uasilia wa kulindwa, na hapo fundi mwenye subira, picha za kutosha na orodha ya kila kilichobadilishwa anaweza kutoa kitu cha kuheshimiwa. Toyota wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba wangeanza kutengeneza tena baadhi ya spea za mfululizo huu kupitia mpango wa GR Heritage Parts, habari ya kutia moyo kwa anayejenga upya. Katika Africa Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, magari yaliyokarabatiwa kwa uangalifu husimama mbele ya majaji, na mengine yanastahili kila sifa. Kinachonisikitisha ni ukarabati wa kuuzia, ule unaofanywa kwa miezi miwili na mtu asiyekusudia kuliendesha gari hilo hata siku moja, ambao huondoa ushahidi wote wa maisha yake ili picha zipendeze.

Kwa anayejiandaa kuuza FJ40, au Corolla ya zamani, au Datsun pikapu ya marehemu baba, ningesema alioshe na aache injini na vumbi lake la mafuta, asiipulizie rangi nyeusi, kwa maana mnunuzi mzuri anataka kuona linavuja wapi. Asivike viti vifuniko vipya. Asiliwashe kabla mgeni hajafika, bali amwache asikie linavyoamka likiwa baridi. Akusanye risiti hata za shilingi chache, ahakikishe namba ya injini na rangi vinalingana na usajili, na kama kuna kasoro aitaje kabla hajaulizwa. Mama wa Nyeri alinionyesha tundu la kutu yeye mwenyewe, akishika tochi, kabla sijainama.

Mwezi uliopita dalali mmoja wa Mombasa aliniona nalo kituo cha petroli, akanipa bei nzuri kuliko niliyolipa, kwa sharti moja kwamba nilipige rangi kwanza, nyeupe, kwa gharama yangu. Nilimweleza kwa nini sitafanya hivyo na nikampa namba ya simu endapo atabadili nia. Bado kuna kazi ndogo: kipima joto husita, na mpira wa milango ya nyuma umekakamaa kiasi kwamba vumbi la barabara ya Mweiga huingia hadi kiti cha mbele. Mpya nimeuagiza kwa muuza spea wa Nairobi. Ukifika, ule wa zamani utaingia sandukuni pamoja na risiti yake.