Traveller na maana mbili za "6+": uhakiki wa masharti ya kuingia kazini

Kosa la kwanza ambalo karibu kila meza mpya ya Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa anga za mbali, hulifanya hutokea kabla mchezo haujaanza. Mchezaji anafungua ukurasa wa Wanamaji wa Anga, anaona sharti la kujiunga limeandikwa Akili 6+, anatazama karatasi ya mhusika wake yenye Akili 5, kisha anafunga ukurasa akiamini amekataliwa. Hajakataliwa. Sharti hilo lina maana kwamba atarusha dadu mbili, ajumlishe nyongeza inayotokana na Akili yake, na jumla ifike 6 au zaidi. Akiwa na Akili 5 nyongeza yake ni −1, kwa hiyo anahitaji dadu zionyeshe 7, na matokeo 21 kati ya 36 yanampitisha. Ni asilimia 58, zaidi ya nusu.

Kwa aliyesomea Kenya kosa hili linaeleweka. C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni kizingiti: ukiwa na C, mlango wa kuingia shahada moja kwa moja umefungwa, huna cha kurusha. Masharti mengi ya Traveller si vizingiti vya aina hiyo. Tatizo ni kwamba baadhi yake ni vizingiti kweli, na kitabu kinaandika aina zote mbili kwa alama ileile ya kujumlisha. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya sura ambayo, kwa mengine yote, ndiyo bora kuliko zote katika kitabu.

Kinachohakikiwa hapa ni kitabu kikuu cha kanuni kutoka Mongoose Publishing, toleo la pili la 2016 lililorekebishwa 2022. Mchezo wenyewe ni wa zamani: Marc Miller na Game Designers' Workshop waliutoa 1977 huko Marekani, na tangu siku hiyo mhusika huanza akiwa mtu mzima mwenye kazi aliyoifanya, makovu na madeni. Kuanzia umri wa miaka 18 anaishi maisha yake kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi kinaanza kwa swali moja: kazi ipi itakupokea?

Vifaa ni vichache. Dadu mbili za pande sita, zilezile za ludo, zinatosha kwa mchezo mzima. Hakuna haja ya kuagiza dadu za pande 20 kutoka nje. Karatasi, penseli na kifutio. Stima ikipotea, mshumaa unatosha.

Mhusika ana sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Elimu na Hadhi. Kila moja hupatikana kwa dadu mbili, na thamani yake huzaa nyongeza. Kuanzia 6 hadi 8 nyongeza ni 0. Kutoka 3 hadi 5 ni −1, na 1 au 2 ni −2. Ukipanda, 9 hadi 11 inakupa +1, na 12 hadi 14 inakupa +2. Jedwali hilo likariri, kwa sababu kila sharti linapitia hapo.

Sasa milango yenyewe. Jeshi la Nchi Kavu linataka Ustahimilivu 5+, Marini Ustahimilivu 6+. Wanamaji wa Anga, Ajenti na Msomi wote ni Akili 6+. Skauti ni Akili 5+, Mfanyabiashara Akili 4+. Mhalifu ni Wepesi 6+, Raia wa kawaida ni Elimu 5+, na Msanii anachagua kati ya Wepesi na Akili, 5+. Mzururaji hapimwi kabisa; mlango wake uko wazi saa zote.

Kwa mhusika asiye na nyongeza wala kipunguzo, 4+ ni asilimia 92, 5+ ni 83, 6+ ni 72. Milango si migumu hata kidogo, na watunzi wamefanya vyema kuilegeza, maana mchezaji anayekataliwa mara mbili mfululizo huchoka kabla hajapewa jina la sayari yake. Ugumu wameuweka mahali pengine: katika mstari mfupi unaosema kila kazi uliyowahi kufanya inakupunguzia 1.

Mstari huo ndio husahaulika kuliko yote mezani, na ukisahaulika mfumo mzima unalegea. Chukua mhusika mwenye Akili 9, yaani nyongeza +1, anayewataka Wanamaji wa Anga. Akijaribu akiwa na miaka 18 anahitaji 5 kwenye dadu: asilimia 83. Akipitia kwanza kazi mbili tofauti, anahitaji 7: asilimia 58. Akingoja hadi afikishe miaka 34, Wanamaji wanamkata 2 zaidi kwa ajili ya umri, na sasa anahitaji 9, ambayo ni asilimia 28 tu. Mtu ni yuleyule na akili ni ileile. Jeshi la Nchi Kavu na Marini hukata 2 hizo mapema zaidi, kuanzia miaka 30, yaani mwanzoni mwa kipindi cha nne. Anayejua jinsi usajili wa makurutu wa KDF, jeshi la Kenya, unavyofunga mlango baada ya miaka 26 hatashangaa; Traveller angalau inakuachia dadu.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kazi yenye sharti gumu, au yenye kikomo cha umri, ijaribiwe kwanza. Biashara ya 4+ inaweza kungoja, kwani hata ikipunguzwa 2 bado ni asilimia 72. Sababu nyingine ya kuichagua kazi ya kwanza kwa makini ni mafunzo ya awali. Katika kazi ya kwanza mhusika hupewa ujuzi wote wa jedwali la huduma la kazi hiyo katika kiwango 0, yaani cha mwanzo kabisa. Kazi zinazofuata humpa mmoja tu wa kuchagua. Anayetaka mhusika anayejua kidogo ya kila kitu cha chombo cha anga asianzie uzururaji.

Ukikataliwa una njia mbili: uwe mzururaji kwa miaka minne, au ukubali kuandikishwa kwa lazima. Kuandikishwa ni dadu moja: 1 Wanamaji wa Anga, 2 Jeshi la Nchi Kavu, 3 Marini, 4 meli za biashara, 5 Skauti, 6 Ajenti upande wa polisi. Inaruhusiwa mara moja tu maishani, kwa hiyo refa, yaani anayeuongoza mchezo, aandike pembeni mwa karatasi kwamba imetumika. Huu ni ufundi mzuri wa kubuni mchezo. Mhusika dhaifu mwenye Ustahimilivu 3 anaweza kujikuta Marini bila kupimwa, na hapo ndipo hadithi inapopata nyama.

Lakini kuingia si kudumu. Kila kipindi kina vipimo viwili zaidi, kunusurika na kupanda cheo, na uzito wa sharti halisi uko hapo. Ukiyaweka majedwali ya kijeshi kando kwa kando utaona kitu ambacho kitabu hakikitaji popote. Katika Jeshi la Nchi Kavu, kikosi cha huduma kinanusurika kwa 5+ na kupanda cheo kwa 7+. Askari wa miguu ni 6+ na 6+. Kikosi cha magari ya vita ni 7+ na 5+. Jumla ni 12 kila mara. Marini ni vilevile. Wanamaji wa Anga nao: mabaharia 5 na 7, mafundi na wapiga mizinga 6 na 6, marubani 7 na 5. Unapunguza usalama kwa kadiri ileile unayoharakisha cheo, na hakuna tawi linalokupendelea. Mizani hiyo imeshikwa kwa uangalifu mkubwa.

Skauti wameachwa nje ya mizani, kwa makusudi. Wasafirisha ujumbe ni 5+ na 9+, wapima anga 6+ na 8+, wagunduzi 7+ na 7+. Jumla ni 14. Skauti hupanda cheo kwa taabu, na mgunduzi mwenye Ustahimilivu wa kawaida ana nafasi kama asilimia 20 ya kumaliza vipindi vitatu bila ajali, dhidi ya asilimia 58 za msafirisha ujumbe. Fidia yake iko mwishoni: kwenye jedwali la vitu vya kuondokea, 6 humpa matumizi ya chombo cha skauti. Kundi zima linaweza kusafiri kwa dadu hiyo moja, kwa hiyo meza isiyo na fedha za kununua chombo itamshukuru mgunduzi wake.

Kushindwa kunusurika hakumuui mhusika, tofauti na kanuni za 1977. Anapata ajali, anatoka kazini, na fao la kipindi hicho linapotea. Kupanda cheo nako kuna ncha mbili: jumla ikiwa sawa au chini ya idadi ya vipindi ulivyokwisha kutumikia katika kazi hiyo, unaondoka utake usitake, dadu zikionyesha 12 kamili, unabaki utake usitake.

Turudi kwenye vizingiti halisi, vile visivyokuwa vya kurusha. Jedwali la ujuzi wa elimu ya juu, lililomo ndani ya kazi nyingi, ni kimojawapo. Wanajeshi hulifungua wakiwa na Elimu 8, na hapa 7 haitoshi wala hakuna dadu ya kukuokoa. Uafisa ni mchanganyiko unaowachanganya hata marefa wazoefu. Kuupata ni kurusha, Hadhi 8+. Lakini ruhusa ya kurusha baada ya kipindi cha kwanza ni kizingiti: Hadhi yako iwe 9 au zaidi, na kila kipindi baada ya cha kwanza kinapunguza 1. Mwenye Hadhi 8 ana jaribio moja tu, kipindi cha kwanza, basi. Ukabaila, kazi ya watu wa tabaka la juu, nao umebeba maana zote mbili katika mstari mmoja. Hadhi 10 inakuingiza bila dadu. Mwenye chini ya hapo anarusha akitafuta 10+, na hata mwenye Hadhi 9, kwa nyongeza yake ya +1, anapita kwa asilimia 28 pekee. Tofauti ya alama moja ya Hadhi haibadilishi kitu kikubwa kama hicho mahali pengine popote katika kitabu. Ndani ukishaingia, maisha ni mteremko: kabaila wa starehe hunusurika kwa Hadhi 3+.

Chuo kikuu na vyuo vya kijeshi vinaruhusiwa katika vipindi vitatu vya kwanza peke yake. Chuo kikuu hupunguza 1 kwenye dadu za kuingia ukichelewa hadi kipindi cha pili na 2 ukifika cha tatu; vyuo vya kijeshi hukata 2 na 4. Anayehitimu chuo cha kijeshi hupokewa na jeshi husika bila kupimwa, na hiyo ni njia safi ya kuukwepa mlango kabisa. Tatizo ni kwamba masharti ya elimu yako sehemu moja, uafisa sehemu nyingine, na kazi zenyewe mbele zaidi. Mchezaji mgeni hupindua kurasa mbele na nyuma mara nyingi kwa mhusika mmoja, na kwenye simu, kwa faili la PDF, hilo linaudhi kweli.

Dawa yake ni rahisi. Kila kazi imepangwa katika kurasa mbili zinazotazamana. Chapisha kurasa za kazi kwenye saiba yoyote ya katikati ya mji, weka kila kazi kwenye karatasi moja yenye pande mbili, na mbele ya kila sharti la kurusha chora dadu ndogo kwa kalamu. Penye kizingiti chora kufuli. Ongeza karatasi moja yenye nyongeza za sifa, jedwali la kuandikishwa na mpangilio wa hatua za kipindi: kufuzu, mafunzo au ujuzi, kunusurika, tukio, kupanda cheo, umri. Wachezaji wanne wakiwa na karatasi hizo hawagombanii kitabu kimoja, na Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana inatosha kuwamaliza wote.

Kuhusu umri: kuanzia mwisho wa kipindi cha nne, mhusika akiwa na miaka 34, anarusha dadu mbili na kutoa idadi ya vipindi. Akipata 1 au zaidi yuko salama. Kwa vipindi vinne anahitaji 5 kwenye dadu. Kwa vipindi saba anahitaji 8, na hapo nafasi ya kuumia imeshapita nusu. Vipindi vinne au vitano ndiyo kipimo chema kwa kampeni ya kawaida, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi.

Nakala ya karatasi ni nzuri na imara, ila ikiagizwa kutoka Uingereza hadi Nairobi, usafiri na ushuru huipandisha bei kiasi kwamba PDF ndiyo chaguo la busara kwa wengi. Ambao hata hiyo ni mzigo wana mchezo wa Cepheus Engine wa 2016, uliojengwa juu ya kanuni huria za toleo la Mongoose la 2008. Una kazi 24 na masharti ya namna ileile. Ila soma sehemu ya kunusurika kabla ya kuanza: huko anayeshindwa anakufa, na ajali badala ya kifo ni kanuni ya hiari. Refa atangaze anayotumia kabla ya dadu ya kwanza kurushwa.