Kasha la filamu sita za Marlene Dietrich: nimelitazama lote

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana haihusu ubora wa picha, nitaieleza.

Ndani ya kasha kuna filamu sita ambazo Marlene Dietrich, mwigizaji wa kike kutoka Ujerumani, alicheza Hollywood chini ya mwongozaji Josef von Sternberg, zote za studio ya Paramount: Morocco (1930), Dishonored (1931), Shanghai Express na Blonde Venus (zote 1932), The Scarlet Empress (1934) na The Devil Is a Woman (1935). Kila filamu na diski yake ya Blu-ray. Baadhi nilishaziona mtandaoni, zile nakala zenye chenga ambamo uso wa mtu unageuka doa jeupe. Kwa Dietrich hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya uigizaji wake inafanywa na taa. Sternberg alipenda kumwekea taa kali juu, mbele ya uso, ikimulika kushuka chini. Mashavu yanaonekana yamebonyea, na chini ya pua kunatokea kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo. Katika diski hizi kivuli hicho unakiona, na unaona pia jinsi yeye mwenyewe anavyojua taa iko wapi: anainua kidevu kidogo tu, anatulia, anasubiri.

Shanghai Express ndiyo iliyonifanya niseme pesa yangu imerudi. Mpigapicha wake, Lee Garmes, alipata Oscar kwa kazi ile, na hakupendelewa. Kuna mahali Dietrich yuko gizani ndani ya behewa, anamwombea mwanamume aliyeachana naye zamani, na unachokiona ni mikono yake tu. Baadaye anasimama peke yake, amejiegemeza mlangoni, sigara mkononi, na mkono unatetemeka. Hasemi kitu. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Anna May Wong naye, mzaliwa wa Los Angeles, anacheza msafiri mwenzake na kila anapotokea anakwenda sambamba na stelingi. Kinachokera ni kwamba jemadari wa Kichina amechezwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, aliyepakwa vipodozi. Ndivyo Hollywood ilivyokuwa.

Na tukiwa hapo hapo, Blonde Venus. Watu wengi wanaisifu kwa onyesho lake moja: sokwe anaingia jukwaani, anavua kichwa, kumbe ni Dietrich. Ni kweli, mshtuko wake haujafa. Lakini wanaomzunguka ni wacheza shoo waliovalishwa kuwa “Waafrika”, na mikuki na ngao, na ngoma zinapigwa kwa mtindo ambao hakuna kabila ninalolijua lingeukubali. Mtazamaji wa kwetu hawezi kupita hapo bila kukunja uso. Hadithi yenyewe inalegea pia, mama anakimbia na mtoto kutoka mji hadi mji. Cary Grant yumo, bado kijana, na hapewi cha maana cha kufanya.

Morocco ndiyo iliyomfungulia mlango Marekani. Der blaue Engel, filamu ya Kijerumani iliyompa jina, ilizinduliwa Berlin tarehe 1 Aprili 1930, na usiku ule ule akaanza safari ya kwenda Marekani. Watazamaji wa kule wakaanza kumwona katika Morocco: amevaa koti la mikia na kofia ndefu ya kiume, anaimba, kisha anambusu mwanamke mmoja mdomoni mbele ya ukumbi mzima. Mwaka 1930! Ndiyo filamu pekee iliyompeleka kwenye uteuzi wa Oscar. Gary Cooper ni mzuri, ila naona filamu inapooza kila mara kamera inapomwacha Dietrich.

Dishonored hainenwi sana, na nadhani imeonewa. Anacheza jasusi, na mwishoni yuko mbele ya kikosi cha kumpiga risasi. Ofisa kijana anagoma kutoa amri, anapaza sauti, vurugu inazuka. Yeye anatumia nafasi hiyo kupaka rangi ya mdomo na kunyoosha soksi. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Sasa ile nyota. Ukinunua kasha hili ukidhani umemnunua Dietrich mzima, utakuwa umenunua miaka mitano. Der blaue Engel haimo. Filamu zake za kimya za Berlin hazimo (mwenyewe baadaye alipenda kuzungumza kana kwamba hazikuwahi kuwepo). Wala humwoni baada ya kuachana na Sternberg: Destry Rides Again ya 1939 ambako anapigana na kuchekesha, A Foreign Affair ya 1948 iliyowekwa katika Berlin iliyobomolewa na vita, Witness for the Prosecution ya 1957. Huyo ni mwigizaji mwingine kabisa, mwepesi zaidi, na kwa maoni yangu ana uwezo mpana zaidi.

Jambo la kuangalia kabla hujatoa pesa: toleo la Marekani limefungwa kwa kanda A (diski za Blu-ray hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia), wakati deki za Blu-ray zinazouzwa Afrika na Ulaya ni za kanda B. Ukiwa na deki ya kawaida, diski haitacheza. Mimi natumia iliyofunguliwa kanda zote. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza.

The Scarlet Empress itazame usiku, kwenye skrini kubwa, na usiulize kama historia ya Urusi ilikuwa hivyo. Yule mtoto anayecheza Catherine, malkia wa Urusi, akiwa mdogo ni Maria, binti wa Dietrich mwenyewe. Na The Devil Is a Woman ilileta mzozo: serikali ya Hispania ililalamika kuwa imetukanwa, na Paramount ikaiondoa sokoni. Dietrich alihifadhi nakala yake, na alisema ndiyo aliyoipenda kuliko zote kwa sababu humo alikuwa mrembo kuliko kwingine kote. Kwa urembo sibishani naye. Kwa filamu, naiweka ya tano kati ya sita, mbele ya Blonde Venus tu.