Duka la samaki wa mapambo Mwanga, Kigoma: kamba wekundu chukueni hapa

Wadau wenye matenki hapa Kigoma, kuna duka dogo la samaki wa mapambo Mwanga linauza na wale kamba wadogo wekundu, cherry. Nawapa nyota tano zote.

Nilitaka kamba kumi, jamaa akanifungia nane, wawili kagoma kabisa kuniuzia, anasema hao wamejivua gamba usiku, miili bado laini, ukiwatikisa kwenye mfuko mpaka Ujiji watakufia njiani, njoo uwafate wakishakomaa. Yaani hela ipo mkononi na bado anakataa! Akawasha tochi ya simu akanionyesha gamba lenyewe chini ya jani, jepesi linapitisha mwanga, limepasuka pale kichwa kinapoungana na mgongo, ndevu zipo, miguu yote ipo, ukiliona haraka unajua kamba kafa. Aliyekufa kweli ana nyama ndani, anageuka pinki na mwanga haupiti. Na gamba usilitoe, wanalila wenyewe kurudisha madini.

Kuna sehemu nyingine nilikuwa nanunua zamani, unapewa kamba na dawa ya samaki juu, hakuna anayekwambia kama dawa ina shaba, na shaba inawamaliza kamba wote.

Huyu anakukalisha kabisa. Maji usibadilishe nusu tenki kwa mpigo, toa kidogo kidogo, maana yakibadilika ghafla kamba anaweza kujivua kabla gamba jipya halijawa tayari, na kama madini hayatoshi anakwama humo humo, unaona mstari mweupe umemzunguka nyuma ya kichwa, wengi wakifika hapo hawaponi. Wadogo wanajivua kila baada ya siku chache, wakubwa wiki tatu nne hivi. Ukiona madume yanazunguka tenki zima bila kutulia basi jike kajivua muda si mrefu, ndo muda wa kupandwa, baadae utaona mayai chini ya tumbo.

Kilichonigusa zaidi, anakusisitizia ukichoka kufuga usiwamwage ziwani, wakati Tanganyika ina kamba wake wadogo ambao hawapatikani kwingine popote duniani. Muuzaji anayejali hivyo tumuunge mkono jamani.

Kasoro ni mzigo, ukiisha unasubiri sana. Malipo ya simu anapokea, ila nendeni jioni jua likishapoa, maji ya kwenye mfuko yanapata joto haraka.