Linux Mint Xfce kwenye kompyuta mpakato ya mwaka 2011: uzoefu wangu

Kompyuta mpakato ninayoizungumzia ina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 320. Nilipoinunua ilikuwa na Windows 7, baadaye nikaihamishia Windows 10, na mwanzoni mwa mwaka 2025 nikatambua kwamba njia hiyo inaishia hapo: masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yangekoma tarehe 14 Oktoba mwaka huo, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kuliko yangu. Kibodi, kioo na bawaba zilikuwa nzima. Kazi zangu ni kuandika nyaraka, kusoma barua pepe, kufuatilia masomo ya video na kuchapa karatasi mara moja moja, na sikuona haki ya kuacha kifaa kizima kife kwa sababu ya programu. Ndipo nikaanza kujaribu mifumo endeshi ya Linux inayoweza kuchukua nafasi ya Windows, nikitafuta ulio mwepesi kwa kompyuta kongwe.

Kosa nililolifanya mwanzoni ni kupima wepesi kwa kigezo kimoja tu, yaani kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) kinachotumika kompyuta inapomaliza kuwaka. Kwa kigezo hicho antiX, mmoja wa mifumo hiyo ya Linux, iliziacha nyingine mbali, kwani kwenye mashine yangu ilitumia chini ya MB 300, ilhali Linux Mint Xfce ilikaribia MB 800. Nilijaribu pia Puppy Linux, mradi ulioanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003, ambao hujipakia wote ndani ya RAM na kwa hiyo huitikia upesi hata kama diski ni nzito. Nilivutiwa nayo kwa dhati. Lakini nilipofungua Firefox na kurasa tano za kawaida, kivinjari peke yake kilichukua zaidi ya GB 1 katika kila mfumo, na hapo ndipo nilipoona kwamba ile nusu ya GB niliyokuwa nikiihangaikia ilikuwa akiba ndogo mno nikiilinganisha na mambo niliyotakiwa kujifunza ili niipate. Katika antiX hakuna eneo-kazi kamili (yaani menyu, paneli na mipangilio vilivyoundwa kufanya kazi pamoja), bali kuna programu nyepesi ya kupanga madirisha, na mipangilio yake imetawanyika. Puppy nayo kwa desturi humwingiza mtumiaji akiwa na mamlaka yote ya mfumo, na huhifadhi mabadiliko yake katika faili maalumu ambalo lazima ulielewe kabla ya kuliamini. Mwenye kompyuta ya RAM ya GB 1, au yenye prosesa ya biti 32, ningemwelekeza huko bila kusita. Mimi sikuwa na ulazima huo.

Nikabaki na mbili: Lubuntu na Linux Mint yenye eneo-kazi jepesi liitwalo Xfce. Niliishi na kila moja kwa wiki nzima. Lubuntu, ambayo tangu toleo la 18.10 hutumia eneo-kazi la LXQt, ilikuwa nyepesi kidogo zaidi, na matoleo yake ya muda mrefu hupata masasisho kwa miaka 3. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04, itasasishwa hadi 2029, na kwa kompyuta ambayo sitaki kuigusagusa kila mara, miaka hiyo ya ziada ina uzito.

Hata hivyo, kilichoamua ni kadi ya Wi-Fi. Kadi yangu ni ya aina inayohitaji programu ya mtengenezaji ambayo haiji tayari ndani ya mfumo, na katika jaribio moja la awali, kwenye mfumo mwingine, nilikesha nikinakili amri nisizozielewa kutoka kwenye simu hadi kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Kwenye Mint nilichomeka simu kwa waya wa USB ili inipatie intaneti, nikafungua kisimamizi cha viendeshi (programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa kama kadi hiyo) kilichomo kwenye menyu, nikachagua kile kilichopendekezwa, nikasubiri na kuiwasha upya kompyuta. Wi-Fi ikawaka. Sikuandika amri hata moja, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba mfumo ulio mwepesi kwa anayeanza ni ule unaomtoa kwenye tatizo kama hilo kabla hajakata tamaa.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi. Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na namsihi kila mtu autumie muda huo kujaribu sauti, Wi-Fi, mwanga wa kioo na jinsi kompyuta inavyolala na kuamka kifuniko kikifungwa na kufunguliwa. Flashi yangu ya kwanza iligoma kuwaka kwa sababu faili nililopakua halikuwa kamili. Ningelinganisha alama yake ya SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili ni kamili, na ile iliyotangazwa na watengenezaji, ningeokoa saa mbili. Nyaraka zako zinakili mahali pengine kabla ya kuanza, kwa maana chaguo la kufuta diski hufuta kila kitu.

Baada ya mwezi mmoja nilimpa mama kompyuta hiyo bila maelezo yoyote, nikakaa kando. Alikuwa ametumia Windows tu. Aliiona menyu kwenye kona ya chini kushoto alikoizoea, akafungua LibreOffice, programu ya ofisi inayofanana na Word, akaandika barua na kuichapa. Alichoniuliza ni kile kialama cha ngao kilichokuwa kikimwambia kuna masasisho, nami nikamwonyesha mahali pa kubofya. Timeshift, ambayo huja na Mint, nimeipanga ipige picha ya mfumo, yaani ihifadhi nakala ya hali yake, kila wiki, ili sasisho likiharibu kitu turudi nyuma. Ila ifahamike kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida picha hizo huhifadhi mfumo na kuziacha nyaraka binafsi, na nakala za hizo tunaziweka kwenye diski ya nje.

Yapo yasiyoniridhisha. Nyaraka za Word zenye majedwali mengi hubadilika mpangilio zikifunguliwa ndani ya LibreOffice, na anayebadilishana faili za namna hiyo na ofisi kila siku afanye majaribio kwanza. Video za 1080p hukwama, kwa kuwa umri wa prosesa hautibiwi na mfumo wowote, ingawa za 720p hutiririka vizuri. Kurasa zikizidi kumi kwenye kivinjari, kompyuta huanza kusitasita.

Kilichobaki kuwa kizito kupita vyote kilikuwa diski. Kwa miezi mitatu nilivumilia kusubiri karibu dakika mbili kila nilipoiwasha, kisha nikafungua skrubu za chini, nikaitoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240 mahali pake, nikasakinisha Mint upya. Sasa huwaka kwa takriban sekunde 25, na mama ameacha kuiwasha kwanza ndipo aende kutafuta miwani yake.